GHALA SI KUTA NA MABATI TU

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme habari ya majengo ya biashara na viwanda katika wilaya zetu mbili, Tarime na Serengeti. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Nilipotoka Chuo Kikuu na kuanza kazi serikalini, nilitiwa katika kamati ya kujenga ghala la mazao katika wilaya moja mbali na hapa. Tulipima urefu na upana, tukachagua zabuni ya bei ndogo, tukajenga. Siku lori la kwanza lenye tela lilipofika, halikuweza kukata kona kuingia langoni. Mahindi yakashushwa barabarani na kubebwa mgongoni, gunia moja moja, mvua ikiyakuta. Ndani nako sakafu ilikuwa sawa na ardhi ya nje, maji yakaingia. Wakulima wale waliuza mahindi yao kwa bei ya kutupa. Hakuna aliyetushtaki, lakini nyuso zao sijazisahau.

Ndugu zangu, hapa kwetu biashara haina budi kukua. Tarime inalima mahindi, ndizi na kahawa ya arabika. Serengeti ina nafaka, pamba na mifugo, tena ina hifadhi ambayo hoteli zake zinahitaji chakula kila siku. Nyamongo upo mgodi wa dhahabu wa North Mara, uliofunguliwa mwaka 2002, na kanuni za mwaka 2018 zinaitaka migodi itangulize bidhaa na huduma za Watanzania. Sirari ndio mlango wetu wa Kenya. Lakini mnunuzi mkubwa hatosheki kusikia kwamba mali ipo. Huuliza: imewekwa wapi, na imewekwaje?

Mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Zuio liliondolewa baada ya siku chache, lakini kwa masharti: mzigo uwe na cheti kuonyesha kwamba sumu hiyo haizidi sehemu 10 katika bilioni. Sumukuvu huanzia shambani na katika ukaushaji mbaya. Ghala haliwezi kuiponya. Ghala bovu huizidisha.

Basi ghala la leo linataka nini?

Kwanza, njia inayopitika masika, na uwanja wa kugeuzia lori refu.

Pili, sakafu ya zege iliyoinuliwa, na upande wa kupakilia ulingane na kimo cha bodi ya lori. Hapo mzigo husukumwa badala ya kubebwa.

Tatu, hewa. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta, mtu apite kukagua dumuzi na panya. Mbolea na dawa zisilale chumba kimoja na chakula.

Nne, mizani, kipima unyevu na daftari. Mahindi yanayozidi unyevu wa asilimia 13.5 yarudishwe kuanikwa, hata yakiwa ya shemeji yako.

Tano, hati ya kiwanja, na umeme wa njia tatu kwa atakayetaka kuweka kinu. Bila hati, benki haitakusikiliza.

Ghala likitimiza masharti na kupata leseni, Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005 humruhusu mkulima kuweka mazao, kupewa stakabadhi, na kuitumia kama dhamana ya mkopo. Sote tunajua mzazi anayeuza gunia wakati wa mavuno ili alipe madeni, kisha analinunua tena kwa bei ya juu watoto wakiwa na njaa. Wengi wetu tulisomeshwa na magunia ya namna hiyo.

Ndugu Mwenyekiti, nimesikia chama chetu kinafikiria kununua kiwanja tujenge ghala la kukodisha. Naunga mkono. Ila ombi langu ni moja: kabla ya kuweka tofali la kwanza, tuwaite watu watatu wasimame pale kiwanjani, nao ni dereva wa lori, mkulima na mnunuzi. Sisi wa kamati yetu tulikuwa na digrii, lakini hatukumwuliza dereva.