Mawimbi ya Majirani Yanapogongana

(Mazungumzo yetu na wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia)



Leo tulikuwa tumepanga kuzungumza juu ya mizinga ya nyuki. Lakini tangu tuingie tumeulizwa swali moja tu: kwa nini intaneti ya kikundi inasumbua siku hizi, na mwanzoni ilikuwa nzuri? Basi nyuki wangoje.

Tuanze na jambo lililotupata sisi wenyewe. Vikundi viwili tunavyovisaidia vinatazamana, kila kimoja upande wake wa bonde. Cha kwanza kilisimamisha mlingoti juu ya paa la kinu cha kusagia unga. Jioni watoto wakawa wanakuja kusoma, na wakulima kuangalia bei za sokoni. Baadaye cha pili nacho kikanunua mitambo kama ile ile. Haukupita muda, pande zote mbili zikaanza kulalamika. Na sisi tukatoa ushauri mbaya. Tuliwaambia waongeze nguvu! Wa huku wakaongeza, wa kule wakaongeza zaidi. Kikundi kimoja kilichukua pesa hizo kutoka mfuko wa karo ya watoto, na mambo yakawa mabaya kuliko kwanza. Tulikosa, na tumeshawaomba radhi.

Ilikuwa nini hasa? Mfikirie baraza la chifu. Mtu mmoja akisema, wote wanasikia. Wawili wakisema pamoja, kila mmoja anapaza sauti amshinde mwenzake, na mwishowe hakuna anayesikika. Mitambo ya waifai ni hivyo hivyo. Inatumia hewa moja, na hewa haina ua.

Waifai ya kawaida hutumia masafa yanayoitwa gigahati 2.4. Ndani yake kuna njia zinazoitwa chaneli, nazo zina namba. Mtu akiona namba 1, 2, 3, anadhani kila moja ni shamba lake lenye mpaka. Sivyo. Chaneli hizo zimebanana sana, na wimbi la mtambo mmoja ni pana, linafunika majirani zake wa pande zote mbili. Ndiyo sababu mafundi hupenda chaneli tatu tu, 1, 6 na 11, kwa kuwa hizo ziko mbali kiasi cha kutogusana.

Hapa kuna jambo ambalo hata sisi lilitushangaza. Mitambo miwili ikiwa kwenye chaneli moja kabisa, na inasikiana, hungojana. Mmoja anasikiliza kwanza, akiona hewa iko kimya ndipo anasema. Inakuwa polepole, lakini kazi inaendelea. Lakini mmoja akiwa kwenye 1 na mwingine kwenye 3, hawaelewani tena. Kila mmoja anamsikia mwenzake kama kelele tu. Vikundi vyetu viwili vilikuwa hivyo hasa: 6 na 8! Kijana mmoja alikuwa amehamia 8 akidhani anakimbia fujo.

Dawa haikununuliwa dukani. Walikaa chini ya mti, viongozi wa pande zote mbili pamoja na fundi. Mmoja akachukua 1, mwingine 11. Wakapunguza nguvu. Wakageuza antena zitazame nyumba za watu wao, zisitazame ng'ambo. Kule Marakwet watu wa koo mbalimbali wamegawana maji ya mifereji kwa zamu tangu zamani sana, maji yanayoteremka kutoka milima ya Cherangany hadi bonde la Kerio. Hakuna anayesema mfereji ni wake peke yake. Sisi tunaona haya mambo ya mawimbi ni ndugu wa yale.

Msidhani makampuni makubwa ya simu hayana shida hii. Kila kampuni imepewa sehemu yake ya masafa na Mamlaka ya Mawasiliano, isiingie kwa jirani. Na ndani ya sehemu yake, minara ya 4G iliyokaribiana hutumia masafa yale yale, kwa hiyo minara hupelekeana habari ili isiumizane pale pembeni ambapo mmoja unaishia na mwingine unaanza. Hata serikali huketi pamoja. Mawimbi hayasimami kwenye forodha ya Busia wala Namanga, wenye ndugu huko mnajua simu inavyovuka mpaka bila pasipoti. Mataifa yalikutana Berlin kwa ajili ya redio za meli tangu mwaka 1906.

Sasa neno gumu kidogo. Kuna wenye maduka wananunua zile busta za kuvuta netiweki ya simu, zisizo na kibali. Dukani mwake simu inashika vizuri, kweli. Lakini busta mbovu humwaga kelele kuelekea mnara, na mnara ukijaa kelele hausikii simu dhaifu za walio mbali. Mama aliye bondeni na simu yake ndogo anampigia mkunga usiku, haiendi, naye analaumu kampuni. Ukiwa nayo, izime. Tutazungumza faraghani, hatukuja kushtaki mtu.

Na vikundi vinavyotaka kuwauzia majirani intaneti, fanyeni kwa leseni. Tangu 2021 Mamlaka ina utaratibu wa mitandao ya jamii, unaohusu leseni na pia kutumia masafa kwa pamoja. Makatibu waje kwetu, tutajaza fomu pamoja.

Kila kikundi chenye mlingoti kiandike kwenye daftari: uko wapi, chaneli gani, antena inatazama wapi. Simu ya kijana yeyote ikiwekwa programu ya kupima waifai itaonyesha chaneli za majirani. Mkutano ujao mje na daftari hizo, tuchore ramani moja ya kata yote. Wa ng'ambo ya mto tutawatumia habari leo leo, maana wameagiza mitambo na bado haijafika.

Haya, kuna swali? Mama pale mbele, ulikuwa umeinua mkono.