Mabati Uwanjani

Sensa ya Kenya ya 2019 iliupa mji wa Ruiru watu zaidi ya 490,000, karibu mara mbili ya Thika. Nyumba zinahitajika, hilo halina ubishi. Ila mbona macho ya wajenzi hukimbilia uwanja wa umma? Mpangaji wa chumba kimoja ghorofani hana ua. Mwanawe huchezea uwanjani hapo mpira wa matambara, mpaka siku akute mabati yamezungushwa.

Vita vya kulinda uwanja wa umma si vipya. Mwaka 1989 mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai alipinga jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru, Nairobi. Alitukanwa hadi bungeni. Jumba halikujengwa.

Na Ibara ya 62 ya Katiba? Inasema kaunti hushikilia ardhi ya umma ya aina hiyo kwa niaba ya wakazi. Mshika mali ya mwenziwe, msikilizaji, huuliza kwanza.