Ganda, Ukoko au Gome: Istilahi za Kiswahili na Upimaji wa Tabaka la Juu la Dunia



Tarehe 8 Oktoba 1909 ardhi ilitetemeka katika bonde la mto Kupa, karibu na Zagreb. Andrija Mohorovičić alipolinganisha rekodi za vituo mbalimbali vya Ulaya alibaini kwamba mtetemo wa aina moja ulifika mara mbili, na katika vituo vya mbali ule uliopita chini zaidi ndio uliotangulia. Ni kama msafiri anayezunguka ili aishike barabara ya lami, akamwacha nyuma mwenzake aliyekata njia ya matope. Katika kina fulani, basi, huanza mwamba unaopitisha mawimbi kwa kasi zaidi. Mohorovičić alikadiria kina hicho kuwa kilomita 54; mpaka huo huitwa Moho hadi leo.

Hapo ndipo mtaalamu wa lugha anapohusika. Mawimbi yanayowahi kufika huubana na kuuachia mwamba kuelekea yanakokwenda. Yanayofuata huutikisa kwa kukingama, wala hayapiti katika kimiminika. Mfasiri akiyaita ya kwanza "mawimbi ya msingi" atapotosha, kwani sifa yake ni kuwahi, si kuwa msingi wa kitu. "Mawimbi tangulizi" na "mawimbi fuatizi" yanafaa zaidi. (Neno wimbi lenyewe, kwa kuwa asili yake ni bahari, humwelekeza mwanafunzi kwenye kupanda na kushuka, jambo ambalo mawimbi tangulizi hayana.) Uwiano wa kasi za aina hizo mbili hudokeza aina ya mwamba: katika matale, yenye kwatzi nyingi, huwa takriban 1.7, katika gabro hukaribia 1.9.

Ugumu mkubwa uko katika jina la tabaka lenyewe. Ganda la yai halitofautiani sana unene. Lakini mradi wa KRISP, uliolipua baruti ndani ya maziwa ya Kenya mwaka 1990, ulionyesha kuwa chini ya Bonde la Ufa karibu na Naivasha tabaka hilo lina kilomita 35 hivi, ilhali Turkana ni 20 hivi tu. Chini ya kratoni ya Tanzania, vituo vya muda vya mwaka 1994 na 1995 vilipata kilomita 37 hadi 42.

Wapo watakaopendelea ukoko, kwa kuwa ukoko wa wali haulingani unene. Hata hivyo ukoko hukaa chini ya sufuria, na huwa mnene penye moto mkali. Turkana wembamba umeandamana na joto, kwa sababu mwamba umevutwa. Gome la mti lingefaa kuliko yote mawili: liko nje, halilingani, na hupasuka shina linapotanuka. Ganda limekwisha kuzoeleka na si rahisi kuling'oa vitabuni, ila mwalimu anayelifafanua kwa mfano wa yai angefanya vyema kuliacha yai jikoni na kuwatoa wanafunzi nje, penye mwembe.