Vidonge vya Kaka



Nyumbani kwetu kulikuwa na kopo la biskuti juu ya kabati la mama, na ndani ya kopo vilikaa vidonge vya kaka yangu. Sikuwahi kusikia vikiitwa jina. Mama alisema tu, "Niletee vile vya kaka yako." Jirani alisema "dawa za usingizi". Watoto wa mtaani walisema "vidonge vya Mirembe", kwa jina la ile hospitali ya Dodoma, na walipaza sauti makusudi ili tusikie. Bahasha yenyewe ilikuwa na picha ya jua, picha ya mwezi, na herufi tatu za kalamu ya bluu: CPZ.

Hizo ni herufi za klopromazini. Wengine mmeizoea kwa jina la dukani, Largactil. Dawa ni ile ile. Ilitengenezwa Ufaransa mwezi Desemba 1950, katika kampuni ya Rhône-Poulenc, na mkemia Paul Charpentier. Mwanzoni ilikuwa namba tu, 4560. Daktari mpasuaji wa jeshi la majini, Henri Laborit, alikuwa akitafuta kitu cha kumtuliza mgonjwa kabla ya kisu; akaijaribu, akashangaa: mgonjwa yuko macho, ukimuuliza anajibu, ila hofu imemtoka. Mwaka 1952 Jean Delay na Pierre Deniker wakaijaribu kwa wagonjwa wa akili katika hospitali ya Sainte-Anne, Paris, na watu waliokuwa hawashikiki wakaanza kukaa na kuzungumza. Ikapewa jina Largactil, yaani dawa ya kazi pana.

Nalipenda jina hilo kwa sababu halimtukani mtu. Tena ni la kweli. Klopromazini hutuliza kutapika, na huzuia hata kwikwi iliyogoma kuondoka. Mzee mmoja mtaani kwetu alishikwa na kwikwi siku nne, hali wala halali, akaandikiwa hiyo hiyo. Mwanawe alipoambiwa kwenye dirisha la dawa kuwa ni "dawa ya vichaa", aliirudisha pale pale. Mzee akaendelea na kwikwi zake, kwa ajili ya neno moja la mtu aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni.

Lakini jina lililotuumiza sisi ni lile la jirani, "dawa ya usingizi", ambalo linasikika la heshima. Usingizi ni kitu cha pembeni tu kwa dawa hii. Kazi yake hasa ni kupunguza nguvu ya dopamini, kemikali ambayo seli za ubongo hutumia kupelekeana habari. Hapo ndipo zile sauti anazozisikia mgonjwa peke yake hufifia, polepole, kwa siku na kwa wiki. Usingizi huja usiku wa kwanza. Basi kaka alipolala vizuri wiki mbili mfululizo, mama akafunga kopo. Ameambiwa ni ya usingizi, na mtoto analala. Ampe ya nini tena? Haikupita miezi miwili, tukamkuta kaka alfajiri amesimama uani bila shati, anabishana na ukuta wa choo.

Akarudishwa hospitali. Safari hii tukatoka na pakiti iliyoandikwa Largactil. Mama akafurahi kwamba sasa amepata dawa mpya, yenye nguvu, akawa anampa hiyo pamoja na zile za kwenye kopo, ili apone haraka. Siku ya tatu kaka aliinuka kitandani kwenda haja, akaanguka kizingitini kama gunia. Presha ilikuwa imeshuka. Nesi aliyetupokea hakugomba. Aliomba kuona dawa zote, akatoa kidonge kimoja cha kila aina, akaviweka kwenye kiganja cha mama na kumwambia, "Mama, hiki na hiki ni kitu kimoja." Mama alivitazama kwa muda mrefu sana.

Nimekaa na tukio lile miaka mingi. Mwaka 1977, Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu, klopromazini ilikuwemo. Ni dawa ya kawaida kabisa, na familia nyingi zinaificha hadi jina. Ukilificha jina, utamuulizaje daktari kuhusu madhara yake? Dawa hii hufanya ngozi iungue upesi juani, na anayelima au kuvua anapaswa kulijua hilo. Huweza kukaza viungo, mikono ikatetemeka, mate yakatoka, na hapo majirani huanza kunong'ona kuwa mtoto wa fulani amefanywa msukule. Jamani, huyo si msukule! Ni mtu ambaye dozi yake inahitaji kuangaliwa upya, au anayehitaji kuongezewa dawa nyingine ya kulegeza ule mkazo. Mrudisheni kliniki, msimkatizie dawa wenyewe.

Na wewe unayetoa dawa dirishani, nakuomba: andika jina zima kwenye bahasha, kisha mtamkie aliyekuja kuchukua, naye alirudie.

Mama yangu alilijifunza uzeeni. Mara ya mwisho nilipomsindikiza, foleni ilikuwa ndefu na mbele yetu alisimama mama mmoja tunayesali naye. Nikamwambia mama aniachie, niende mimi dirishani. Akakataa. Alipofika, akaweka mkoba wake juu ya kaunta, akasema kwa sauti yake ile ya kuitia kuku: "Naomba klopromazini za miligramu mia moja, za mwanangu."