Likoni Hadi Bongwe: Tuvuke Salama, Tule Salama

Ukitoka Mombasa kisiwani kuja huku kwetu Bongwe, Diani au Msambweni, feri ya Likoni ndiyo njia ya mkato. Anayevuka kwa miguu halipi, gari hulipiwa. Asiyetaka maji ana barabara ya Dongo Kundu.

Ndani ya feri, tafadhali, tusisukumane. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka, wakafa watu 272. Septemba 2019, hapo Likoni, gari liliteleza kinyumenyume likatoka kwenye feri, mama na bintiye wakazama nalo. Msiba ule bado unatuuma. Kwa hiyo dereva, ukishapanda, zima injini, vuta breki ya mkono, usifunge milango kwa ufunguo. Abiria, shukeni garini. Mtoto ashikwe mkono, na mtu asisogelee mlango wa kuteremkia mpaka feri itue.

Ng'ambo, njaa itakudai. Likoni kuna viazi karai, na mihogo ya kukaanga kwa pilipili na ndimu. Asubuhi, mahamri kwa mbaazi za nazi, chakula ambacho mimi sikibadilishi na cha hoteli yoyote. Chagua kinachotoka karaini moto moto. Ukifika Ukunda, kunywa dafu, likatwe mbele yako. Juisi usiyojua maji yake yametoka wapi, iache. Kipindupindu huingia hivyo hivyo. Nawa kwa sabuni kabla ya kula.

Nawe dereva, pombe ya mnazi usiiguse mpaka ufike na uegeshe gari.