Banda la Kuchambulia Taka
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Balambala)



Wengi wenu mmetuuliza kama mabanda ya kuchambulia taka za nyumbani yana kazi ndani yake, au ni maneno matupu.

Sheria ipo. Mwaka 2022 Bunge lilipitisha Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka. Yataka mwenye taka azitenge kwake mwenyewe, vinavyooza mbali na vikavu mbali. Serikali za Kaunti nazo zimepewa kazi ya kuweka mahali pa kuchambulia, ili chupa, mikebe, vyuma na karatasi vitolewe vikauzwe. Na kwa kuwa Katiba ya 2010 iliwapa Kaunti kazi ya kuzoa taka, mlango wetu wa kubisha ni Garissa, si Nairobi.

Lakini Balambala si Dandora. Kule wanunuzi wako jirani. Mzigo wetu lazima ufike Garissa, kisha zaidi ya kilomita 350 mpaka Nairobi. Chupa tupu hujaza lori upesi, uzito hazina, na nauli hula faida yote. Banda lisilo na mashine ya kubana chupa litakuwa ghala la upepo tu.

Wako wasemao mji wetu ni mdogo, taka zake si kitu. Waulizeni wenye mifugo. Mifuko ya plastiki ya kubebea vitu ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, lakini plastiki za namna nyingine zingali zipo, na mbuzi akizimeza hujaa tumboni, akakonda na majani yapo mbele yake.

Sasa neno letu hasa. Taka zikija zimechanganywa, aumiaye si mwenye nyumba, ni mchambuzi: wembe, sindano, kioo, kopo la dawa ya kupe. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, na sheria ya fidia ya mwaka huo huo yamlinda mwajiriwa aliyeumia kazini. Mwajiriwa, ndugu zetu! Aokotaye chupa akalipwa kwa kilo na dalali, bila mkataba, atamdai nani? Twataka wachambuzi waandikwe kazi, glavu na viatu visikatwe katika mshahara, na akina mama ambao wamekwisha kuanza kuokota wawe wa kwanza kuandikwa.

Mkiitwa vibarua, kumbukeni Sheria ya Ajira ya 2007: kibarua aliyetumika mfululizo siku zisizopungua mwezi mmoja kwa jumla huhesabiwa mtu wa mshahara wa mwezi. Basi kila mtu na awe na daftari la siku zake, na msimamizi atie sahihi kila jioni.

Barua ya kupeleka Kaunti iko mezani kwa Katibu. Asiyejua kuandika atatia kidole. Itafungwa baada ya swala ya alasiri.