Dhahabu ya Kilwa Katika Mji wa Lisbon



Nimeombwa nisimulie safari, nami nimechagua siku moja ya mwaka 2019 niliyotembea peke yangu katika mji wa Lisbon, nchini Ureno, kwa kuwa yale niliyoyaona yanatuhusu sote wenye asili ya pwani.

Wahenga walisema, tembea uone. Msafiri aliye peke yake hana wa kumharakisha, hivyo husikiliza zaidi. Asubuhi nilipanda vichochoro vya Alfama, mtaa ambao jina lake lina asili ya Kiarabu, kwani Waislamu waliutawala mji ule hadi mwaka 1147. Nikateremka Baixa, ambako njia zimenyooka, kwa sababu sehemu hiyo ilijengwa upya baada ya tetemeko kuu la tarehe 1 Novemba 1755. Mkahawani nilisikia maneno mawili niliyoyafahamu bila mkalimani: meza, ambalo sisi tulilichukua kwao, na sukari, ambalo wao na sisi tulilipokea kwa Waarabu.

Adhuhuri niliingia katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale. Humo mna chombo cha ibada cha Kikatoliki, cha kuonyeshea hostia, kilichofuliwa kwa dhahabu na kupambwa kwa rangi. Kwenye kitako chake pamechorwa maandishi yasemayo kwamba mfalme Manuel aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, nacho kikamalizika mwaka 1506.

Jamaa zangu, nilisimama hapo kwa muda mrefu. Dhahabu ile ilitoka bara, ikapitia Sofala, na biashara yake ndiyo iliyoitajirisha Kilwa. Mwaka 1502 Vasco da Gama alifika Kilwa na merikebu zenye mizinga, akamlazimisha mtawala wake, Amir Ibrahim, kutoa kodi. Mwaka 1505 Wareno walirudi, wakauteka mji na kuupora.

Jioni nilifika Belém, kwenye nyumba ya watawa ya Jerónimos, ambayo mfalme aliiusia chombo kile. Humo ndimo lilimo kaburi la Vasco da Gama, lililochongwa kwa mawe na kutunzwa vizuri. Nikawaza: aliyechukua ndiye aliyeandika kitu kilitoka wapi, na kwa maandishi yake jina la Kilwa limedumu katika dhahabu kwa zaidi ya miaka 500.

Basi nina ombi moja. Katika nyumba zetu, tulikotawanyika, bado yamo makasha, mabirika, leso na barua za wazee. Watoto wetu waliozaliwa ugenini huviona, wala hawajui vilitoka kwa nani. Kila nyumba na iandike, kabla ya mkutano ujao, kitu kilitoka mji gani, kilikuwa cha nani, na kilisafirije, hata pale ambapo habari yenyewe inauma. Wazee wanaoweza kutujibu wanapungua mwaka hadi mwaka.